Badiliko la herufi moja: si laana, wala si kosa la mama

 

Mwezi huu nimeletewa maswali matatu. La kwanza ni la mama mmoja wa Birmingham. Mtoto wake alichomwa kisigino siku ya tano, kama wanavyofanyiwa watoto wote hapa Uingereza, na baada ya wiki chache ikaja barua kwamba mtoto ni mbebaji wa selimundu. Anaandika: "Dada, mama mkwe anasema kwao hakuna ugonjwa huo, basi umetoka kwangu. Mume wangu amenyamaza. Nifanye nini?"

La pili ni la kijana wa Muscat anayetaka kumuoa binti ya mjomba wake. Wazee wamekubali, mahari imetajwa, lakini rafiki yake amemwambia akapime damu kwanza. Anauliza: "Nipime, au nimtegemee Mungu?"

La tatu ni la mwanafunzi wa sekondari huko Minnesota. Ana mtihani wa biolojia na amepewa mada ya mutesheni: aina zake, vyanzo vyake na athari zake. Anasema anaielewa kwa Kiingereza, lakini mama yake alipomuuliza anasoma nini, alishindwa kumweleza kwa Kiswahili.

Nilipoyasoma kwa pamoja niliona kwamba yote matatu ni swali moja. Atakayemwelewa mwanafunzi wa Minnesota atakuwa na la kumjibu mama mkwe wa Birmingham. Basi tuanze na somo, kisha twende kwenye nyumba za watu.

Kitabu cha herufi nne

Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako kuna maelekezo ya namna ya kukujenga na kukuendesha. Maelekezo hayo ni DNA, au vinasaba kama wengi wetu tunavyoita. Yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Nakala moja ina herufi bilioni 3 hivi, nawe unazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Herufi hizo zimegawanywa katika majuzuu 23, ambayo wanasayansi wanayaita kromosomu. Kwa kuwa kila juzuu lina nakala mbili, jumla ni 46.

Jeni ni sura moja ndani ya kitabu hicho, na kazi ya sura nyingi ni kuelekeza jinsi ya kutengeneza protini fulani. Seli inapoisoma sura haisomi herufi moja moja, bali inasoma tatu tatu. Kila herufi tatu ni neno, na kila neno linataja kipande kimoja cha protini kinachoitwa asidi amino. Yapo pia maneno yenye kazi ya nukta: yakifikiwa, usomaji unasimama.

Mutesheni ni badiliko lolote katika maandishi hayo. Neno lenyewe halina ubaya wala uzuri ndani yake. Ni badiliko tu, na hukumu yake hutegemea limetokea wapi na limebadilisha nini.

Aina za mabadiliko

Wanafunzi, chukueni kalamu. Tutumie sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu tatu:

MTU ALE ULE UJI.

Aina ya kwanza ni herufi moja kuchukua nafasi ya nyingine. Badilisha J iwe Z, upate MTU ALE ULE UZI. Sentensi bado inasomeka, lakini maana imeharibika na huyo mtu atakula uzi.

Aina ya pili ni herufi kupotea. Toa T katika neno la kwanza, kisha endelea kusoma tatu tatu kama seli inavyofanya: MUA LEU LEU JI. Hakuna kilichobaki. Herufi iliyopotea ni moja tu, lakini kila neno lililofuata limevurugika, kwa sababu seli haijui kuruka pengo.

Aina ya tatu ni herufi kuongezeka. Ingiza K baada ya neno la kwanza: MTU KAL EUL EUJ I. Vurugu ni ileile.

Sasa angalia jambo ambalo watahini hulipenda. Ukitoa herufi tatu zinazofanya neno zima, usomaji hauvurugiki: MTU ALE UJI. Limepungua neno moja, mengine yako salama. Hata hivyo neno moja likikosekana mahali nyeti linaweza kuleta ugonjwa mzito. Badiliko la kawaida zaidi linaloleta ugonjwa wa mapafu na kongosho uitwao sistiki faibrosisi, ambao huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, ni la aina hii hasa: herufi tatu zimepotea, na asidi amino moja imekosekana.

Yapo na mabadiliko makubwa kuliko hayo. Wakati mwingine hupotea ukurasa mzima. Watu wengi wenye ualbino Afrika Mashariki na Kusini wana jeni iliyopoteza kipande cha herufi 2,700 hivi, na kwa hiyo mwili hauwezi kutengeneza rangi ya ngozi na macho kama kawaida. Wakati mwingine juzuu zima huzidi: mtoto mwenye hali ya Down ana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili, na jumla yake ni 47.

Sasa turudi kwenye badiliko linalotuhusu zaidi sisi watu wa pwani, wa maziwa makuu na wa Ghuba.

Neno la sita

Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Sehemu yake moja, inayoitwa beta, ni mnyororo wa asidi amino 146, na maelekezo yake yako katika kromosomu ya 11. Katika mnyororo huo asidi amino ya sita ni glutamiki, na neno lake katika DNA ni GAG.

Neno hilo moja linatosha kuwa darasa zima. Herufi ya mwisho ikibadilika likawa GAA, hakuna kinachotokea, maana GAA nalo ni neno la glutamiki. Ni kama "heri" na "kheri": tahajia mbili, maana moja. Badiliko la namna hii huitwa badiliko la kimya. Herufi ya kwanza ikibadilika likawa AAG, inaingia asidi amino nyingine inayoitwa lisini, na hapo unapata himoglobini C, inayojulikana zaidi Afrika Magharibi. Na kama lingekuwa TAG, hiyo ni nukta: usomaji ungeishia hapo na mnyororo usingetengenezwa. Mabadiliko yanayoweka nukta mapema namna hiyo ni miongoni mwa yale yanayoleta thalasemia ya beta.

Lakini herufi ya katikati ikibadilika, A ikawa T, neno linakuwa GTG. Badala ya glutamiki inaingia valini. Hiyo ndiyo himoglobini S, na hiyo ndiyo selimundu. Katika herufi bilioni 3, imebadilika moja.

Valini ina tabia ya kunata. Oksijeni inapopungua katika damu, himoglobini S hushikana moja kwa nyingine na kufanya nyuzi ngumu. Seli nyekundu, ambayo kawaida ni ya duara na laini, inapinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Inakwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo yanapoanzia. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii yenye mundu huishi siku 10 hadi 20 tu, na mwili haujengi damu kwa kasi ya kufidia. Ndiyo maana mtoto anakuwa na upungufu wa damu na macho ya manjano. Bandama inaharibika mapema, na vijidudu ambavyo mtoto mwingine angevishinda vinakuwa hatari kwake. Wengine hupata kiharusi wakiwa bado wadogo.

Wanafunzi mtapenda kujua kwamba mgonjwa wa kwanza kuelezwa katika majarida ya kitabibu ya Marekani alikuwa mwanafunzi wa ughaibuni kama nyinyi. Walter Clement Noel alitoka kisiwa cha Grenada mwaka 1904 kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Daktari James Herrick aliandika habari za seli zake zenye umbo la mundu mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko katika himoglobini yenyewe, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akagundua kwamba tofauti yote ni asidi amino moja.

Hutoka wapi?

Hapa ndipo lawama nyingi za nyumbani zinapozaliwa, kwa hiyo tusome taratibu.

Chanzo kikubwa cha mabadiliko ni kunakili. Kila seli inapogawanyika hunakili kitabu chote cha herufi bilioni. Kuna vimeng'enya vinavyonakili na vingine vinavyosahihisha, na kazi yao ni nzuri ajabu, lakini hakuna mwandishi asiyeteleza. Kila mtoto anayezaliwa ana herufi mpya zilizobadilika kama 60 hadi 70 hivi, ambazo hazikuwamo kwa baba wala kwa mama. Mimi ninazo, wewe unazo. Nyingi hazifanyi lolote, kwa sababu zimeangukia mahali pasipo na maelekezo muhimu.

Na kwa wale wanaopenda kusema mtoto ameharibiwa na mama, ni vizuri wajue kwamba sehemu kubwa ya herufi hizo mpya hutoka upande wa baba. Mwanamume hutengeneza mbegu maisha yake yote, na kila utengenezaji ni kunakili. Kadiri umri wake unavyosonga ndivyo makosa ya kunakili yanavyoongezeka.

Chanzo cha pili ni mambo ya nje. Mwaka 1927 Hermann Muller alithibitisha kwa kutumia inzi wa matunda kwamba miale ya eksirei huongeza mabadiliko ya vinasaba. Ndiyo maana mpiga picha hospitalini hujificha nyuma ya ukuta, na mjamzito huulizwa kabla ya kupigwa picha. Miale ya jua hugandisha herufi mbili za T zilizo jirani, na seli ikikosea kuzirekebisha, badiliko linabaki. Mwenye ualbino hana kinga ya rangi, kwa hiyo saratani ya ngozi humwinda zaidi. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua kwake ni dawa, si urembo. Moshi wa sigara hubadilisha herufi katika seli za mapafu. Sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, aflatoksini, hubadilisha herufi katika seli za ini.

Lakini shikeni tofauti hii. Badiliko lililoletwa na jua katika ngozi ya bega lako linabaki begani. Unaweza kuumwa nalo, lakini humrithishi mwanao. Badiliko linalorithiwa ni lile lililomo katika yai la mama au mbegu ya baba. Himoglobini S ni ya namna hii ya pili. Haikuletwa na chakula alichokula mama akiwa mjamzito. Haikuletwa na kijicho cha jirani. Haikuja kwa sababu mtoto amebemendwa. Mama na baba waliipokea kama walivyopokea umbo la pua, kutoka kwa wazee waliokufa zamani bila hata kujua kwamba wanayo.

Kwa nini imebaki kwetu

Mtu anaweza kuuliza: kama herufi hii inaua watoto, mbona haikutoweka?

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, katika baadhi ya jamii zaidi ya watu 20 kwa kila 100, lakini ni wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Akagundua kwamba ramani ya wabebaji inafanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mtoto mwenye herufi moja ya S na moja ya kawaida haugui selimundu, na anakingika zaidi dhidi ya malaria kali. Mahali ambapo malaria ilizoa watoto kila masika, mbebaji alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua, kuoa na kuzaa.

Kwa hiyo herufi ileile ni kinga ukiwa nayo moja, na ugonjwa ukiwa nazo mbili. Waliotuzaa wengi wako hai kwa sababu bibi fulani alikuwa mbebaji. Sijui kama hiyo inaitwa laana au baraka. Najua tu kwamba "damu chafu" si jina lake.

Herufi hiyo imesafiri pamoja na watu. Oman, ukichunguza maandishi yanayoizunguka S katika kromosomu ya 11, unakuta ya namna ya Kiarabu na Kihindi, na unakuta pia ya namna za Kiafrika. Historia ya majahazi, biashara, ndoa na utumwa kati ya pwani yetu na Ghuba imeandikwa humo, iwe kuna aliyeisimulia au wote waliinyamazia.

Na si kila badiliko lina upande wa machozi. Wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wanakunywa maziwa utu uzima bila tumbo kuvurugika. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wana badiliko lao la herufi moja, tofauti na lile la Wazungu, linaloiacha jeni ya kumeng'enya sukari ya maziwa ikiendelea kufanya kazi ukubwani.

Kwa mama wa Birmingham

Dada yangu, kwanza soma barua tena. Imeandikwa "mbebaji". Mwanao ana herufi moja ya S na moja ya kawaida, tunaandika AS. Haumwi selimundu na hatageuka kuwa mgonjwa wa selimundu akikua. Mlee kama mtoto mwingine.

Pili, mama mkwe kusema kwao hakuna ugonjwa si ushahidi wa lolote. Mbebaji haugui. Herufi inaweza kupita kutoka kwa babu wa babu hadi kwa mjukuu bila mtu hata mmoja kulala kitandani. Hata watoto waliofariki zamani wakisemwa kuwa na homa, au damu kukauka, hakuna aliyewapima.

Tatu, hapa Uingereza mjamzito hupewa nafasi ya kupimwa mapema, na mama akionekana mbebaji, baba naye huitwa. Tazama majibu yako ya ujauzito au muulize mkunga. Yawezekana jibu la swali la mama mkwe liko kwenye karatasi unayoimiliki tayari. Lakini nakusihi, ukikuta herufi imetoka upande wa mumeo, usiipeleke sebuleni kama kombora. Yeye pia hakuichagua.

Jambo la muhimu kuliko lawama ni hili: nyote wawili mjue hali zenu kabla ya mimba nyingine. Kama mmoja ni AS na mwingine ni AA, hamtapata mtoto wa SS. Kama nyote ni AS, kila mimba ni kama kila mmoja wenu anarusha sarafu yake: nafasi moja katika nne mtoto awe AA, mbili katika nne awe AS, moja katika nne awe SS. Na sarafu haina kumbukumbu. Nimewahi kusikia watu wakisema, "Tumeshapata mgonjwa mmoja, sasa watatu wanaofuata ni salama." Sivyo. Kila mimba sarafu hurushwa upya.

Na mumeo aliyenyamaza, mwambie kwa upole kwamba kimya chake nacho kinasemea upande mmoja. Akipima, atakuwa na la kumwambia mama yake.

Kwa kijana wa Muscat

Mdogo wangu, mtegemee Mungu na upime. Hakuna mgongano. Mtu hufunga ngamia wake kisha akatawakali.

Wewe na binti ya mjomba wako mna babu na bibi mmoja. Kama bibi yenu alikuwa mbebaji, huenda alimpa mama yako na mjomba wako herufi ileile, nao wakawapeni nyinyi. Kwa hiyo uwezekano wa nyote wawili kuwa nayo ni mkubwa kuliko watu wasio ndugu. Hii haina maana ndoa za binamu ni haramu ya sayansi. Binamu wengi huzaa watoto wazima. Wala kuoa mbali si kinga kamili. Selimundu ni ya kawaida sana kwetu, hata mtu wa Tanga na mtu wa Kisumu wasiojuana kabisa wanaweza kukutana chuoni London, wote wakiwa AS.

Ukienda kupima, usiulize S peke yake. Omba kipimo cha aina za himoglobini pamoja na hesabu kamili ya damu, ili na thalasemia ionekane. Thalasemia ya beta ipo Ghuba na India. Mara nyingi ni herufi moja tu iliyobadilika mahali ambapo seli hukata na kuunga ujumbe wa jeni. Anayebeba S akizaa na anayebeba thalasemia ya beta, mtoto anaweza kuugua karibu sawa na SS.

Saudi Arabia imelazimisha vipimo hivi kabla ya ndoa tangu 2004, lakini majibu hayazuii ndoa. Uamuzi unabaki kwa wahusika. Nawe ukikuta nyote ni wabebaji, uamuzi ni wenu. Wapo wanaoachana kwa heshima. Wapo wanaooana, kisha wakapima mimba mapema au wakatumia njia ya kupima kiinitete kabla hakijapandikizwa. Wapo wanaooana wakisema watakachopewa watakilea. Mkiulize kila mmoja wenu, na mshauri wa vinasaba na shekhe wenu. Lisilofaa ni kufunga macho, kisha miaka mitatu baadaye kumfunga mwanamke lawama.

Tukiwa na mtoto wa SS

Kuna wasomaji ambao kwao hili si somo la mtihani. Mtoto yuko nyumbani, na usiku wa maumivu mnaujua. Kwenu nasema haya.

Penisilini ya kila siku utotoni, chanjo zote, maji ya kutosha, nguo za joto wakati wa baridi, na homa isiyosubiri asubuhi: hayo ndiyo yanayookoa watoto wengi. Dawa ya haidroksiyurea hurudisha kwa kiasi himoglobini ya utotoni, ambayo haina valini ile ya kunata, na hupunguza maumivu. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, uliotolewa mwishoni mwa 2018, ulionyesha kwamba watoto wa Kiafrika waliotumia dawa hiyo walipata maumivu, maambukizi na vifo vichache zaidi. Hata malaria ilipungua.

Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba kwa selimundu, Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Seli za kutengeneza damu hutolewa kwa mgonjwa, zinahaririwa maabara, kisha zinarudishwa baada ya dawa kali za kusafisha uboho. Wanafunzi, angalieni: tiba hiyo hairekebishi neno la sita. Inafungua tena jeni ya himoglobini ya utotoni. Na kwa kuwa imegusa damu tu, si mayai wala mbegu, aliyetibiwa bado atamrithisha mwanawe herufi ya S. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wakati huohuo, Tanzania pekee inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka, na wengi wao kikwazo ni vidonge vya kila siku. Unapotuma pesa nyumbani kwa ndugu mwenye mtoto wa SS, uliza kama kliniki wanakwenda na kama dawa ipo.

Kabla ya likizo

Desemba inakaribia na tiketi zimeshakatwa. Nasikia wazazi wakisema, "Mwanangu ni AS, malaria haimpati." Si kweli. AS hupunguza uwezekano wa malaria kali, haizuii kuumwa. Mtoto aliyezaliwa Toronto au Leeds anywe dawa ya kinga kama daktari atakavyomwandikia, na alale ndani ya chandarua. Na mtoto wa SS ndiye anayehitaji kinga hiyo kuliko wote, kwa sababu malaria kwake ni hatari kubwa. Mwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, ubebe dawa za kutosha na barua ya hali yake, na umpe maji mengi ndani ya ndege.

Mkifika nyumbani, mkikaa barazani na wazee, ulizeni kwa adabu: katika ukoo wetu kuna watoto waliokuwa wakilia mifupa? Kuna waliokuwa na macho ya manjano? Shangazi na bibi wanajua mengi ambayo hawajawahi kuulizwa. Andikeni majibu, na wapeni vijana wanaokaribia kuoa na kuolewa.

Maswali yaendelee kuja. Nawatakia mtihani mwema wanafunzi, na safari njema mnaokwenda kuwaona wazee.